Udahili napata, ufadhili sipati: sisi wa sayansi ya chakula na lishe tunakosea wapi?

#1 Mpima Unga (Dodoma)
Habari za jioni, wakuu. Nina shahada ya kwanza ya sayansi na teknolojia ya chakula, GPA ya 3.6 kwa kipimo cha 5, na huu ni mwaka wa nne nikiwa afisa udhibiti ubora katika kiwanda cha kusaga na kurutubisha unga wa mahindi hapa Dodoma. Kwa misimu mitatu mfululizo nimeomba shahada ya uzamili nje ya nchi, na vyuo vinne vimenikubali. Barua za udahili ninazo, nimezihifadhi kama kadi za harusi ambazo sikuhudhuria. Ufadhili ndio unaogoma kila mara, na barua ya kukataliwa haitaji sababu; husema tu kwamba waombaji walikuwa wengi na wenye sifa nzuri.

Mwaka jana nilikaa na daftari nikapiga hesabu ya kujilipia. Nilikuwa nimesikia kwamba Ujerumani masomo ni bure, kumbe kabla ya viza unatakiwa kuonesha euro 11,904 kwenye akaunti maalumu iliyofungwa, ambayo ukifika kule unachota euro 992 tu kwa mwezi. Nilifunga daftari, nikaenda zangu kulala.

Ninaomba walionitangulia waniambie bila kunionea haya: tatizo ni alama, ni uzoefu, ni barua ninazoandika, au ninabisha mlango usio wangu?

#2 Mkweli Mchungu
Tatizo ni GPA, ndugu yangu. Daraja la pili la juu kwetu huanzia 3.5 na kuishia 4.3, kwa hiyo wewe umesimama kwenye kizingiti. Chuo cha Wageningen huko Uholanzi, kwa mfano, kimekuwa kikidai wastani usiopungua asilimia 70 ya alama ya juu kabisa, ambayo kwa kipimo chetu ni hiyo hiyo 3.5, yako ni asilimia 72. Mlangoni umepita, lakini umepita umeinama. Fedha inapogawiwa, wanaanza na waliopita wamesimama wima, na hao ni wengi kuliko nafasi zilizopo.

#3 Dagaa Mchele (Mwanza)
Mkweli Mchungu, ninakupinga kwa mfano ulio hai, ambao ni mimi. Nilimaliza na 3.5, nikafanya kazi miaka mitatu na vikundi vya kina mama wanaokausha dagaa kandokando ya ziwa, kisha nikapata Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, kwa shahada ya mwaka mmoja ya usalama wa chakula Uingereza. Maombi yale hayakuniuliza nilikuwa wa ngapi darasani. Yaliniuliza nimewahi kuongoza nini, ninashirikiana na watu gani, kwa nini kozi zile tatu nilizozichagua, na nikirudi nyumbani nitafanya nini. Wanataka saa 2,800 za kazi, ambazo ni kama miaka miwili, na unakubali kwamba ukimaliza utarudi kwenu kwa miaka miwili.

Insha ya uongozi niliiandika kuhusu vichanja. Tuliwashawishi akina mama waache kuanika dagaa mchangani, na msimu wa kwanza wakatucheka, kwa sababu dagaa wa mchangani alikuwa mzito zaidi kwenye mizani. Mchanga nao una kilo zake. Niliandika jinsi tulivyoshindwa mwanzoni, jinsi mnunuzi mmoja kutoka nje ya mkoa alivyoanza kulipa bei ya juu kwa dagaa safi, na jinsi vichanja vilivyoongezeka bila sisi kuhubiri tena. Kwenye usaili waliniuliza habari za mchanga kuliko habari za transkripti.

#4 Mkweli Mchungu
Dada, hongera, lakini Chevening inatafuta viongozi wa fani zote, haitafuti wanasayansi wa chakula peke yao. Pia hao Waingereza bado wanataka chuo kikupe udahili usio na masharti kufikia Julai, na vyuo vyao vingi vinadai hilo daraja la pili la juu. Alama imejificha tu, haijaondoka.

#5 Kabete Juu (Nairobi)
Nawasalimu kutoka huku. Nina maelezo tofauti na hayo mawili. Kwa maoni yangu tatizo la mleta mada ni kwamba sayansi ya chakula, machoni pa wafadhili wa maendeleo, inaonekana kama elimu ya kumtajirisha mwenye kiwanda, ilhali lishe inaonekana kama elimu ya kumwokoa mtoto. Mtu wa lishe akiandika neno udumavu, msomaji tayari ameshaelewa fedha yake inakwenda wapi. Mtu wa chakula akiandika kwamba anataka kuboresha muda wa bidhaa kukaa rafuni, msomaji anajiuliza kwa nini kampuni isimlipie.

Mimi nilisomea chakula Kabete na niliomba mara mbili bila mafanikio nikizungumzia maziwa ya mtindi na vifungashio. Mara ya tatu niliandika juu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka. Sisi tunakumbuka mwaka 2004, watu 317 walipougua katika maeneo ya Makueni na Kitui na kwingineko mashariki mwa nchi, na 125 kati yao wakafariki kwa kula mahindi yaliyoota ukungu. Fani ilikuwa ile ile na GPA ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni kwamba nilionesha mtu anayekufa iwapo kazi hiyo haitafanywa.

#6 Mwalimu Mstaafu (Morogoro)
Vijana wangu, nimesoma yote. Nimefundisha fani hii muda mrefu na nimeandika barua za wanafunzi nisizoweza kuzihesabu. Mnachokisahau ni kalenda. Watanzania wengi huomba chuo kwanza, wakasubiri barua ya udahili, wakaipiga picha na kuituma kwa ndugu, ndipo wakaanza kuuliza ufadhili uko wapi. Kumbe dirisha la fedha mara nyingi hufungwa mapema kuliko dirisha la udahili, au yote mawili ni fomu moja yenye kisanduku kimoja kidogo cha kuweka alama, na ukikiruka kisanduku hicho umejiandikisha kama mtu wa kujilipia. Nimewaona watatu waliokosa kwa sababu ya kisanduku.

Kwa fani yetu ninashauri Uholanzi kupitia mpango wa NFP, ambao umesomesha wengi wa Sokoine. Na kwa Erasmus Mundus, ule ufadhili wa Umoja wa Ulaya, msizidishe maombi matatu kwa mwaka, maana mkizidisha mnafutwa yote.

#7 Niko Gent
Shikamoo, Mwalimu. Kwa heshima zote ninaomba kusahihisha mambo mawili, maana kuna wadogo zetu wanaosoma hapa na kunakili. NFP ilishakoma; iliyoifuata mwaka 2017, Orange Knowledge, nayo haipokei tena maombi. Ile kanuni ya maombi matatu ya Erasmus Mundus ilikuwa ya zamani. Kwa kipindi hiki kilichoanza 2021 mwombaji anaruhusiwa kuomba programu nyingi kadiri awezavyo. Posho ni euro 1,400 kwa mwezi, na nauli, viza na gharama za kuanzia maisha unazitoa humo humo, kwa hiyo tiketi ya ndege ya kwanza jiandae kuikopa.

Kuhusu Ubelgiji, ambako ninaishi: Gent na Leuven zina programu za chakula na lishe zinazofadhiliwa na VLIR-UOS, shirika la ushirikiano wa vyuo la huku. Hapa ndipo maneno ya Mwalimu ya kisanduku yanapothibitika, kwa sababu ufadhili huo unaombwa humo humo kwenye maombi ya programu. Darasa langu la lishe lilikuwa na wauguzi, maafisa kilimo, mwalimu wa sekondari na mhandisi wa chakula mmoja tu. Kwa hiyo Kabete Juu ana hoja, ila siamini kwamba sisi wa chakula tunachukiwa. Ninaamini hatuombi.

#8 Mwalimu Mstaafu (Morogoro)
Marahaba, mwanangu. Nimesahihishwa na nimeshukuru. Uzee una kalenda yake.

#9 Mtafuta Njia
Naomba kuongeza kuhusu Ujerumani, kwa kuwa mleta mada ameigusa. Si kweli kwamba ada haipo kila mahali. Jimbo la Baden-Württemberg linawatoza wanafunzi wasio wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu 2017, na Hohenheim, ambayo watu wa kilimo na chakula huipenda sana, iko katika jimbo hilo. Mimi niliikuta ada hiyo baada ya kuwa nimeshawaaga watu nyumbani.

Kisha kuna DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, lenye kozi za maendeleo. Wanadai uzoefu wa kazi usiopungua miaka miwili na shahada ya mwisho isiyozidi miaka sita. Mpima Unga, hesabu vizuri, kwa sababu wewe una miaka minne kazini, ukilala tena misimu miwili saa yako itakuwa imegonga. Wasifu wanautaka katika muundo wa Europass ukiwa umetiwa saini kwa mkono. Nilituma bila saini mwaka wa kwanza. Sina ushahidi kwamba ndiyo sababu ya kukosa, lakini mwaka wa pili nilitia saini na wakaniita.

#10 Mkweli Mchungu
Yaani mwenzetu anaamini kalamu ya bluu ndiyo iliyompeleka Ujerumani.

#11 Mtafuta Njia
Ilikuwa nyeusi.

#12 Binti wa Juja
Mimi ninazo sababu zangu, na zinahusu wadhamini. Nilipoomba mara ya kwanza, mhadhiri mmoja (chuo sitakitaja) alinijibu kwamba yuko na shughuli nyingi, niandike barua mwenyewe naye ataweka saini. Niliandika. Nikajisifu kwa uangalifu, nikasema mimi ni mchapakazi, mnyenyekevu na ninayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo. Miezi kadhaa baadaye nilikaa na rafiki yangu tuliyeomba naye programu moja, tukafungua barua zetu, tukakuta aya ya pili ni ile ile neno kwa neno, hadi kosa la tahajia. Yeye alikuwa amepewa barua yangu abadilishe jina. Hebu fikirieni msomaji aliyezisoma zote mbili mchana mmoja.

Mara iliyofuata nilimwendea fundi sanifu mkuu wa maabara, mtu asiye na uzamivu, aliyewahi kuniona nikirudia jaribio la protini mara tano kwa sababu majibu hayakunipendeza. Aliandika nusu ukurasa tu. Alieleza hilo jaribio. Huyo ndiye ninayeamini alinipa Sweden.

#13 Dagaa Mchele (Mwanza)
Binti wa Juja, Sweden ni ule ufadhili wa SI, Taasisi ya Sweden? Nauliza kwa sababu ninao mdogo wangu.

#14 Binti wa Juja
Ndiyo. Unaomba vyuo kwanza kwenye tovuti moja ya taifa, kufikia katikati ya Januari, na unalipa krona 900 hata kama una programu nne ndani ya maombi. Ufadhili wenyewe unaombwa baadaye kidogo, kwa fomu nyingine, na wanadai saa 3,000 za kazi. Lund wana shahada ya teknolojia ya chakula na lishe kwa pamoja, jambo ambalo lingemfaa mleta mada asiyetaka kuchagua upande. Mdogo wako ahakikishe kwamba nchi yake na saa zake zimo kwenye masharti ya mwaka husika kabla ya kulipa hizo krona, kwa sababu hazirudi.

#15 Mpima Unga (Dodoma)
Asanteni sana nyote. Nimejipa ujasiri wa kuweka hapa aya ya kwanza ya barua yangu ya kujieleza ya mwaka jana, niliyoitafsiri kwa Kiswahili. Msinionee huruma:

«Tangu utotoni nimekuwa na shauku kubwa kuhusu chakula. Chakula ni uhai, na bila chakula salama hakuna taifa lenye afya. Nikiwa mhitimu wa sayansi ya chakula katika nchi ambayo TFDA inasimamia usalama wa chakula, ninaamini kwamba shahada ya uzamili katika chuo chenu chenye sifa duniani kote itanijengea ujuzi wa kisasa utakaonisaidia kuchangia maendeleo ya nchi yangu.»

#16 Mkweli Mchungu
Tangu utotoni kila mtu ana shauku ya chakula. Hata ng'ombe.

#17 Kabete Juu (Nairobi)
Nimecheka, lakini mwenzetu amesema kweli. Ndugu, badilisha neno chakula uweke neno maji, barua yako itakwenda kuomba uhandisi wa maji bila kulalamika.

#18 Mwalimu Mstaafu (Morogoro)
Kijana wangu, kuna kosa zito kuliko hilo la ng'ombe. Shughuli za chakula zilihamishwa kutoka TFDA kwenda Shirika la Viwango, TBS, mwaka 2019, na iliyobaki ikaitwa TMDA, ikishughulika na dawa na vifaa tiba. Wewe unafanya kazi kwenye kiwanda cha unga. Mkaguzi anayeingia getini kwenu anatoka wapi?

#19 Mpima Unga (Dodoma)
Anatoka TBS, Mwalimu. Ninamfungulia geti mimi mwenyewe. Aya ile niliinakili kutoka kwenye barua niliyoiandika nikiwa mwaka wa mwisho chuoni, na sikuirudia kuisoma.

#20 Mwalimu Mstaafu (Morogoro)
Basi usiseme tena kwamba hawakukupa sababu.

#21 Mtu wa Guelph
Nimechelewa kuingia, samahani. Ninaona wote mnazungumzia ufadhili unaotangazwa kama shindano, wenye jina na nembo. Huku Kanada, na Marekani kwa kiasi kikubwa, fedha ya uzamili wa sayansi ya chakula wenye tasnifu haitangazwi hivyo. Iko mfukoni mwa profesa mwenye mradi. Unamwandikia, anaangalia kama unaweza kufanya kazi ya maabara yake, na akikutaka anakuchukua kama msaidizi wa utafiti: analipa posho, na kwa Marekani mara nyingi ada inasamehewa. Kama hakutaki, GPA ya 4.8 haitakusaidia.

Niliandika barua pepe 61. Majibu yalikuwa 9, yenye maana 3, lililonileta hapa 1. Hizo 40 za mwanzo zilianza na «Mheshimiwa Profesa, ninapenda sana kazi zako» na nilizituma zote usiku mmoja. Iliyofanikiwa niliiandika kwa siku nne, nikiuliza kwa nini katika makala yake walikausha sampuli kwa joto lile na si lingine, kwa kuwa mimi kiwandani nilipata rangi mbaya kwa joto hilo hilo. Alinijibu asubuhi yake.

Tahadhari kwa upande wa Marekani: maabara nyingi zilizokuwa zikisomesha Waafrika katika chakula na lishe ziliishi kwa fedha za Feed the Future kutoka USAID, na fedha hizo zilikatwa mwaka 2025. Kwa hiyo mkisoma ushauri wa mwaka 2022 kuhusu vyuo hivyo, usomeni kama historia. Mtihani wa GRE vyuo vingi vimeuacha, lakini ada ya viza dola 185 na ile ya SEVIS, mfumo wao wa kusajili wanafunzi wa kigeni, dola 350 hazijamwacha mtu.

#22 Afisa Lishe wa Nyanda za Juu
Ninawasoma vijana mnavyozunguka dunia. Mimi ni afisa lishe wa halmashauri mkoani Njombe, mama wa watoto wawili, na ninataka niongeze jambo ambalo hamjaligusa, nalo ni mwajiri. Nilipata ufadhili kamili miaka michache iliyopita na nusura niukose, kwa sababu mfadhili alitaka barua inayosema nitarudi kwenye nafasi yangu, na ruhusa ya masomo ilikaa kwenye meza moja hadi viti vilivyoizunguka vikabadilishwa. Nilikuwa ninapita pale kila Ijumaa kuisalimia. Wafadhili wa maendeleo hupenda mtu mwenye mahali pa kurudi, na hili ndilo ninaloamini linampunguzia alama Mpima Unga: kiwanda binafsi hakiandiki barua ya namna hiyo, au kikiiandika haiaminiki sana.

Kuhusu hoja ya Kabete Juu, ni kweli udumavu unafungua milango, lakini msiufanye ufunguo wa bandia. Njombe na Iringa, kwa takwimu za kitaifa za mwaka 2022, zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, na hii ni mikoa inayolisha wengine. Nimewaona waombaji wakinakili takwimu hiyo ilhali hawajawahi kushika ubao wa kupimia urefu. Msomaji mzoefu anauliza swali moja tu la pili, na wanakwama.

Na tafadhali, euro 1,400 za Niko Gent ni za mtu mmoja. Mimi niliwaacha watoto kwa bibi yao miezi ishirini na moja. Hakuna fomu iliyoniuliza hilo.

#23 Dagaa Mchele (Mwanza)
Pole, dada. Hilo la mwisho lilistahili uzi wake.

#24 Mbuyuni
Kwani lazima kwenda nje? Sokoine wana uzamili wa sayansi ya chakula na wa lishe ya binadamu, Arusha kuna Taasisi ya Nelson Mandela, Makerere wana skuli nzima ya teknolojia ya chakula na lishe, na DAAD hao hao wana mpango wa kusomesha watu ndani ya Afrika. RUFORUM, mtandao wa vyuo vya Afrika vya kilimo wenye makao Makerere, hutoa ruzuku kwa wahadhiri, na ndani ya ruzuku hizo huwa kuna nafasi za wanafunzi wa uzamili. Hiyo ni namna ile ile aliyoieleza Mtu wa Guelph, tofauti ni kwamba huhitaji viza. Mimi nilisoma hivyo, nikatafiti unga lishe wa watoto, na sampuli zangu nilizibeba kwa bodaboda.

#25 Niko Gent
Ninakubali nusu. Ukipata mhadhiri mwenye mradi, ndani kunatosha kabisa. Lakini nina mwenzangu aliyesubiri tasnifu yake isahihishwe kwa muda mrefu kuliko muda alioutumia kuiandika, na mradi ukaisha kabla ya msahihishaji kumaliza. Miezi ya mwisho alijilipia.

#26 Mbuyuni
Yapo hayo, sikatai. Nje nako kuna wasimamizi wasiojibu. Tofauti ni kwamba wa kwetu unaweza kumngojea kwenye maegesho.

#27 Mkweli Mchungu
Mada inakimbia. Mleta mada, una miaka minne kiwandani. Hebu tueleze siku moja tu, siku ambayo kazi yako ilikuwa na maana. Usiandike kama barua.

#28 Mpima Unga (Dodoma)
Sawa. Ilikuwa Juni, siku ya Jumamosi, bosi mwenyewe akiwepo. Fuso lilitoka Kibaigwa na mahindi, na tulikuwa na oda ya shule ambayo ilitakiwa itoke Jumatatu. Nilipanda juu, nikachoma bambo, ile bomba ya kuchotea sampuli, kwenye magunia ya pembeni, punje zikatoka safi, zinang'aa. Kipima unyevu kikasoma 13.1, na kikomo chetu ni 13.5. Dereva akaanza kufungua kamba. Sikuridhika, kwa sababu magunia ya katikati yalikuwa yamepangwa kwa kubanwa kuliko ya pembeni, kama yanayofichwa. Niliomba waondoe safu mbili. Bambo la katikati lilitoa punje zenye joto. Joto lile nililisikia kiganjani kabla ya kuangalia kipimo. Kilisoma 16.2.

Kipimo cha haraka cha sumukuvu kilionesha kuwa mzigo ule umepita mikrogramu 10 kwa kilo. Bosi aliniuliza mara tatu kama kipimo hakijaharibika. Nikapima tena mbele yake. Akaniuliza kama tukichanganya na mahindi mazuri tuliyonayo kitashuka. Nilimwambia kwamba kwenye karatasi kitashuka, lakini punje mbovu hazipotei, na wanafunzi wa bweni hula ugali wa unga huo huo mchana na usiku kwa muhula mzima. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu mkoani humu humu na Manyara, naye anawajua waliozika. Alinyamaza muda mrefu, kisha akamwambia dereva afunge kamba. Oda ilichelewa siku nne, na mimi sikusemeshwa kwa wiki mbili.

#29 Kabete Juu (Nairobi)
Na barua yako ilisema una shauku tangu utotoni.

#30 Afisa Lishe wa Nyanda za Juu
Ninaondoa nusu ya niliyoyasema kuhusu kiwanda binafsi. Bosi huyo huyo aliyenyamaza ndiye umwombe barua ya mdhamini.

#31 Binti wa Juja
Na aiandike mwenyewe! Usikubali akuambie uandike yeye asaini.

#32 Mtu wa Guelph
Swali moja, ndugu. Lile fuso liliishia wapi?

#33 Mpima Unga (Dodoma)
Lilirudi barabara kuu likakunja kulia, upande wa mjini. Jumanne yake nilimkuta dereva yule kwenye mgahawa, gari likiwa tupu. Nilimuuliza aliuza wapi, akaniambia kwamba si kila kiwanda kina bambo refu.

#34 Mwalimu Mstaafu (Morogoro)
Kijana, mzigo unaokataliwa unakwenda wapi, na nani anaula? Kalifikirie hilo kabla hujafungua tovuti ya chuo chochote. Nitafute kwa ujumbe wa faragha, kuna mhadhiri nitakayekuunganisha naye.

#35 Mkweli Mchungu
Mimi simpambi mtu. Simulizi ni nzuri, lakini wako wenye simulizi nzuri na GPA ya 4.5, na nafasi ni zile zile. Bado nasema alama.

#36 Mtafuta Njia
Na atie saini.